Sasa Kushoto

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kunduchi.
Natoka zamu ya usiku, kituo cha mafuta cha Afrikana,
viganja bado vinanuka dizeli,
na kocha Sikudhani Pazi ameshafika,
amekalia ndoo iliyofunikwa, kitenge magotini,
shingoni filimbi ambayo sijawahi kuisikia.
"Shika kafi," anasema. "Si fagio hilo."

Mwezi wa kwanza nilidhani kasi ni hasira.
Nilichapa maji kama mtu anayedai deni,
povu likaruka, shati likalowa,
kayaki ikayumba kulia, ikayumba kushoto,
ikasogea mbele kwa kuona haya.
Nikarudi nahema, nangoja sifa.
"Kelele zote hizo," akasema, "na umefika wapi?"

Akanirekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Nyuma ya ule ufa nikamwona mtu nisiyemjua:
kiwiko kimekunjwa kama cha mla ugali,
bega limepanda mpaka sikioni,
kiuno kimelala, hakina habari kama kuna safari.
Nilitaka kusema simu ina kasoro.

Jumanne: "Mkono wa juu unaanguka."
Alhamisi: "Bado unaanguka."
Jumamosi hakusema.
Aliinua mkono wake mwenyewe
akauachia, pwaa, juu ya paja.

Kisha akaweka ndimu kwenye pua ya kayaki.
"Ikidondoka, ni juu yako."
Ndimu kumi na moja nimezizika katika mkondo ule.
Kaa wa mikoko wamekula achari kwa gharama yangu.

"Nyumbani nani anafua?"
"Mimi," nikadanganya.
"Ungekuwa wewe, ungejua.
Shuka zito hulikamui kwa vidole."

Nikarudi Salasala, nikamwomba Mwanaheri beseni.
Alinigusa paji la uso kama mwenye homa.
Shuka la kwanza nililikamua kwa mikono,
la pili kwa mabega,
la tatu, kitu kikageuka chini ya mbavu
kama kitasa kilichopata ufunguo wake,
na maji yakatoka, shaa, mpaka miguuni.
"Umejifunza wapi?"
"Baharini."
Tangu hapo nguo za Jumapili ni zangu.

Usiku kituoni, kati ya gari na gari,
nashika mpini wa deki, nageuka, narudi,
nageuka, narudi,
waendesha bodaboda wananipigia honi:
"Bro, unapepeta nini?"

"Usivute maji," alisema kocha.
"Chomeka kafi kama kigingi, kisha ujivute wewe ulifikie.
Likifika kiunoni, toa.
Cha nyuma kimekwisha."
Nikadhani ameniusia maisha.
"Naongelea kafi," akasema.

Leo maji yamejaa, hayana kovu.
Kafi limeingia bila mlio.
Mguu wa kulia umesukuma, nyonga imeitika,
mbavu zimefunguka, mkono wa juu
umebaki juu, peke yake, kama umesahauliwa,
na kayaki imeteleza
kama mlango ambao siku zote niliusukuma
kumbe unafunguka kwa kuvuta.
Ndimu imetulia.
Mapigo ya kulia matatu, labda manne.
La tano nikalifikiria, likaharibika.

Nikageuka kutazama ufukweni.
Kocha amesimama. Ameacha ndoo.
Ameinua filimbi mpaka mdomoni,
nami nikaketi wima kama mwanafunzi wa kwanza darasani.
Akaitazama. Akaifuta kwa upindo wa kitenge.
Akaiachia ikaning'inia.

"Kulia kumekubali," akapaza sauti juu ya maji.
"Haya.
Sasa kushoto."